Kufungua na Kufunga Upya Injini ya Corolla 110 kwa Mara ya Kwanza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu injini ya 5A-FE, ile iliyokuja na Corolla AE110 kuanzia mwaka 1995, pamoja na ndugu zake wawili, 4A-FE na 7A-FE. Nimeyaandika kwa ajili ya mtu anayejua kubadilisha oili na plagi, ambaye sasa anataka kuifungua injini mpaka chini na kuifunga mwenyewe. Kama una injini ya aina nyingine, utaratibu utakusaidia, ila namba usizichukue.

Kwa nini nianze na 5A-FE na si injini nyingine?

Kwa sababu inamvumilia mwanafunzi. Ni silinda nne zilizosimama mstari, valvu 16, bloku ya chuma (mwili wa injini wenye silinda) na hedi ya alumini (kichwa kinachofunika silinda, chenye valvu). Ukubwa wake ni cc 1498. 4A-FE ina cc 1587 na 7A-FE ina cc 1762. Bloku ya chuma huchongwa na kuongezwa saizi bila wasiwasi. Spea zake zipo karibu kila duka la spea za Toyota, na mafundi wanaoijua wako kila mtaa.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba ukikosea taimingi (ulinganifu wa mzunguko wa pistoni na wa valvu) kwenye injini hii, pistoni hazigongi valvu. Injini itakataa kuwaka au itatetemeka, wewe utarudi kupanga alama, basi. Kwenye 1NZ-FE ya akina Vitz na IST kosa hilohilo linapinda valvu, na bloku yake ni ya alumini yenye slivu (kuta za ndani za silinda) nyembamba. Hiyo iache mpaka uwe umefunga injini mbili tatu.

Nitajuaje kama injini kweli inahitaji kufunguliwa?

Usifungue injini kwa sababu jirani kasema imekufa. Anza na moshi. Moshi wa bluu asubuhi unapowasha tu, kisha ukapotea, mara nyingi ni sili za valvu zilizokauka, na hizo hubadilishwa bila kushusha injini. Moshi wa bluu unaokufuata barabarani kila ukikanyaga mafuta ni ringi au silinda zilizolika. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, unaelekeza kwenye gasketi ya hedi. Mweusi ni petroli nyingi; hapo huna sababu ya kugusa pistoni.

Kisha pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, betri iwe imejaa, plagi zote nne zitolewe, zima petroli na moto wa plagi, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho wakati unapiga starta. Injini nzima ya aina hii inatoa karibu psi 190. Ikishuka chini ya 142, au silinda moja ikitofautiana na wenzake kwa zaidi ya psi 14, kuna tatizo. Hapo mimina kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi la silinda dhaifu, upime tena. Ikipanda sana, ringi na silinda ndizo zinazovuja. Isipopanda, tazama valvu na gasketi ya hedi.

Mlio wa "ko-ko-ko" kutoka chini unaozidi ukiongeza moto ni habari nyingine. Injini ikinoki hivyo, izime palepale. Kila kilomita unayoiendesha inakula krenki (mhimili wa chini unaozungushwa na pistoni), na krenki iliyoliwa sana hairudi.

Si afadhali ninunue injini ya mtumba?

Wakati mwingine ni afadhali, na sitaki kukudanganya. Bloku ikiwa imepasuka, au konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) imetoboa ubavu, nenda Gerezani ukiwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, ukachague injini nyingine. Lakini kumbuka unanunua kitu ambacho hujui kilikimbia kilomita ngapi wala kilibadilishwa oili mara ngapi. Namba ya injini nayo imeandikwa kwenye kadi ya gari, kwa hiyo ukibadilisha injini ni lazima ukabadilishe na kumbukumbu za usajili, la sivyo utakwama siku ya kuliuza.

Injini uliyoifunga mwenyewe, ukaandika kila kipimo kwenye daftari, unaijua kama unavyoijua nyumba uliyoijenga.

Nahitaji zana gani?

Spana na soketi za milimita, hasa 10, 12, 14, 17 na 19. Jeki na stendi za chuma, si matofali. Winchi au cheni bloku. Bisibisi, plaizi, kifaa cha kubana springi za valvu, na cha kubana ringi wakati wa kushindilia pistoni.

Halafu kuna zana tatu ambazo watu huzikwepa kwa sababu ya bei, na ndizo zenye maana kuliko zote: spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), fila geji (vibati vya kupimia mianya) na maikromita (ya kupimia unene na upana). Kama huwezi kununua, azima au kodisha. Nimesikia mara nyingi kwamba fundi mzoefu anakaza "kwa mkono". Mkono wa fundi wa miaka 20 una kumbukumbu yake. Wa kwako na wangu siku ya kwanza haukuwa na kitu.

Nishusheje injini bila kusahau kitu kilikuwa wapi?

Piga picha kabla ya kugusa chochote, kila pembe. Kila waya na kila mpira wa maji unaouchomoa, ufunge karatasi yenye namba, na namba ileile uiweke pale ulipotoka. Boliti za kila kifaa zikae kwenye mfuko wake, na jina juu.

Toa betri kwanza. Mwaga maji na oili. Kompresa ya AC usifungue mipira yake. Ifungue kwenye bloku tu, uifunge pembeni kwa kamba, gesi ibaki ndani. Gari hili ni rahisi zaidi kutoa injini pamoja na gia boksi. Nimeona watu wakitundika cheni bloku kwenye tawi la mwembe. Injini na gia boksi ni mzigo wa kuua mtu. Tumia stendi ya mabomba au boriti unayoijua, na asikae mtu chini ya mzigo, hata kwa dakika moja ya kuokota nati.

Kuna utaratibu gani wa kuifungua?

Injini iwe baridi kabisa. Boliti kumi za hedi hulegezwa kidogokidogo kuanzia za pembeni kuja katikati, maana hedi ya alumini ikiachiwa upande mmoja inapinda. Kepu (vifuniko) za kemshafti, mihimili inayofungua valvu, nazo hulegezwa kwa zamu. Kabla hujatoa kemshafti, tafuta tundu dogo kwenye gia inayoziunganisha: hapo inaingia boliti ya kushikilia gia mbili zenye springi katikati. Ukisahau, gia hiyo inafyatuka na utahangaika kuirudisha.

Kepu za mein, zinazoshikilia krenki kwenye bloku, zina namba 1 hadi 5 na mshale unaoelekea mbele. Za konrodi ziwekee alama mwenyewe kwa rangi, kila moja na konrodi yake. Kepu haihami. Ilichongwa pamoja na mwenzake, na ukiichanganya tundu halitakuwa la duara tena.

Usitupe chochote kwa sasa. Beringi za zamani zipange mezani kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu zinasema ugonjwa. Beringi yenye mikwaruzo mirefu imekula uchafu. Iliyolika upande mmoja tu, konrodi imepinda. Iliyochubuka mpaka ikaonyesha rangi ya shaba imekosa oili. Kama hujui kilichoiua injini, utaifunga upya na kitaiua tena.

Nipime nini, na kwa nini nisinunue spea kwanza?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloulizwa kwa kuchelewa. Watu huja wakiwa na ringi saizi ya kawaida mkononi, wakati silinda imeshapanuka. Pima kwanza, nunua baadaye.

Silinda ya 5A-FE ikiwa mpya ina upana wa milimita 78.7. Pima sehemu tatu, juu, katikati na chini, na kila sehemu upime mara mbili, kwa urefu wa injini na kwa upana wake. Hivyo ni vipimo sita kwa silinda, 24 kwa injini nzima. Andika vyote. Utaona karibu kila mara kwamba juu, pale ringi ya kwanza inapogeukia, ndipo palipolika zaidi. Upana ukizidi ule wa mwanzo kwa kama milimita 0.2, silinda zinahitaji kuchongwa kwenda saizi ya 0.50 (milimita 0.50 zaidi ya ile ya mwanzo) na kuwekewa pistoni mpya za saizi hiyo. Zikiwa ndani ya kipimo, kupiga honi (kukwaruza kuta za silinda kwa jiwe laini) na kuweka ringi mpya kunatosha.

Krenki ipime kwa maikromita kila shingo, mein tano na konrodi nne. Tofauti ya duara au ya upande kwa upande isizidi milimita 0.02. Ikizidi inasagwa kwenda 0.25 (milimita 0.25 pungufu) na kuvikwa beringi za saizi hiyo.

Hedi ilazie rula ya chuma iliyonyooka, kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari, ujaribu kupitisha fila geji ya milimita 0.05 chini yake. Ikipita, hedi imepinda. Fanya hivyohivyo juu ya bloku. Gari lililochemsha hata mara moja, hatua hii usiiruke.

Nikienda karakana ya kuchonga niseme nini?

Peleka pistoni mpya pamoja na bloku. Fundi achonge kila silinda kwa kufuata pistoni yake, asichonge kwa kukisia saizi iliyoandikwa kwenye boksi. Mwambie unataka mikwaruzo ya honi iliyopishana kama nyavu, maana ndiyo inayoshika oili na kuzikalisha ringi. Hedi akwangue kidogo iwezekanavyo, na aipime kwa presha ya maji kutafuta nyufa. Krenki ikisagwa, omba saizi uandikiwe kwenye karatasi. Ukifika nyumbani, pima tena mwenyewe.

Injini yangu ya kwanza ilinifundisha kutoamini kazi ya karakana kabla ya kuikagua na kuiosha mwenyewe. Krenki ilirudi inang'aa, nikaiamini, nikafunga. Vijitundu vya oili ndani yake vilikuwa na unga wa jiwe la kusagia. Beringi zilikwisha kabla hata sijamaliza kilomita 400. Karakana ilisaga vizuri; kuosha ilikuwa kazi yangu, na sikuifanya.

Basi nioshe vipi?

Kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa brashi, mpaka mikono iume. Petroli na dizeli zinaondoa grisi lakini unga wa kuchonga unabaki kwenye mikwaruzo ya silinda. Toa plagi za njia za oili kwenye bloku, pitisha brashi nyembamba ndefu katika kila njia, kisha pumulia upepo wa kompresa. Fanya hivyo pia kwenye kila tundu la krenki.

Ukimaliza, futa silinda kwa kitambaa cheupe chenye oili kidogo. Kikirudi na kijivu, rudia. Nimewahi kurudia mara sita. Kitambaa kikibaki cheupe, paka oili silinda zote hapohapo, kwa sababu chuma kilichooshwa kinaanza kutu ndani ya dakika chache, hasa ukiwa mji wa pwani. Funika bloku kwa shuka safi. Upepo wenye vumbi ukianza kuvuma, acha kazi mpaka utulie.

Spea zipi ninunue mpya bila kujadili?

Seti nzima ya gasketi na sili, ringi, beringi za mein na konrodi, sahani za kuzuia krenki isicheze mbele na nyuma, mkanda wa taimingi na beringi yake ya kukazia, pampu ya maji, thamostati, filta na plagi. Pampu ya oili ifungue uitazame; ikiwa na mikwaruzo, badilisha. Mkanda wa taimingi hukadiriwa kwenda kilomita 100,000, na tarehe ya uliopo mara nyingi imeandikwa kwenye stika ya Kijapani chini ya boneti.

Kuhusu thamostati nasema kwa uchungu. Mafundi wengi wa kwetu huitoa wakidai nchi ni ya joto. Thamostati ya injini hii hufunguka ikifika nyuzi 82, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto linalofaa na kuibakiza hapo. Bila hiyo injini hukimbia ikiwa baridi, inakula petroli, oili inachafuka upesi na ringi ulizonunua kwa jasho zinalika mapema. Irudishe. Weka na kulanti (kimiminika maalumu cha rejeta), maana maji ya bomba peke yake yanaozesha alumini.

Ringi na beringi feki zipo nyingi. Pima unene, linganisha na ya zamani, na ukitilia shaka, irudishe dukani.

Kufunga kunaanzia wapi?

Chini kwenda juu. Beringi za mein hukaa kavu upande wa mgongo, na oili upande wa krenki. Hakikisha tundu la oili la beringi limekaa juu ya tundu la bloku. Kepu za mein hukazwa Nm 60 (kipimo cha spana ya toki), kwa awamu, na baada ya kila kepu zungusha krenki kwa mkono. Ikikataa kuzunguka, usiendelee. Hiyo kepu uliyoikaza sasa hivi ndiyo yenye neno.

Kila ringi iingize kwanza peke yake kwenye silinda yake, isukume kwa kichwa cha pistoni ikae sawa, upime mwanya wa ncha zake. Ringi ya juu iwe na angalau milimita 0.25. Ncha zikigusana injini ikipata moto, ringi itavunjika na kuichana silinda. Alama ya ringi hutazama juu, na mianya ya ringi tofauti haipangwi mstari mmoja. Alama ya pistoni hutazama mbele, upande wa mkanda. Boliti za konrodi zivishe vipande vya mpira zisikwaruze krenki wakati pistoni inashuka. Nati zake hukazwa Nm 29, kisha nyuzi 90, yaani robo mzunguko.

Gasketi ya hedi hukaa kavu, bila silikoni. Boliti fupi ni za upande wa hewa kuingia, ndefu ni za upande wa eksozi. Huanzia katikati kwenda nje: Nm 29 zote, kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Tia kila boliti nukta ya rangi ili uone imezunguka kiasi gani. Baadhi ya 4A-FE za mwanzo zina kipimo tofauti, kwa hiyo fungua kitabu cha injini uliyonayo kabla ya kushika spana.

Nawezaje kuwa na uhakika wa taimingi?

Pistoni namba moja iwe juu kabisa, alama ya krenki kwenye alama yake, na tundu dogo la puli ya kemshafti lilingane na alama ya kepu nyuma yake. Vika mkanda, achia springi ya kukazia, kisha zungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili kwa mwelekeo wa saa. Alama zikirudi mahali pake zote, kaza. Zikikosea jino moja, rudia. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2.

Na nafasi za valvu?

Injini ikiwa baridi: za kuingiza hewa milimita 0.15 hadi 0.25, za eksozi milimita 0.25 hadi 0.35. Hurekebishwa kwa kubadilisha visahani vilivyo juu ya vikombe vinavyokandamiza valvu. Usiache valvu iliyobana ukidhani itajilegeza. Kadiri kiti chake kinavyolika, ndivyo inavyozidi kubana mpaka inaungua.

Siku ya kuwasha nifanyeje?

Usiwashe kwanza. Toa plagi, zima petroli, piga starta kwa vipindi vya sekunde kumi mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kila pahali. Rudisha plagi, washa. Uwe na mtu wa pili anayetazama chini kama kuna kinachovuja, na ndoo ya mchanga pembeni kwa ajili ya moto. Taa ya oili isipozima ndani ya sekunde chache, zima.

Ikiwaka, isubiri ipate moto mpaka feni ya rejeta iwake yenyewe, toa hewa kwenye maji, kagua, zima. Ikipoa, angalia oili na maji upya.

Niiendesheje mwanzoni?

Usiiache ikiunguruma mahali pamoja kwa saa nzima, kama wengi wanavyofanya. Ringi hukalia silinda kwa kusukumwa na nguvu ya moto, kwa hiyo injini inahitaji mzigo wa wastani. Endesha, panda mwendo taratibu, achia, panda tena. Usivute tela, usikanyage mpaka mwisho, usikae mwendo mmoja kwa safari ndefu. Tumia oili ya kawaida ya madini. Imwage kwenye kilomita 500 pamoja na filta, kisha tena kwenye 1,000. Oili ya kwanza itakuwa na vumbi la chuma linalometameta, usishtuke. Vipande vinavyoonekana na kushikika ndivyo vya kukushtua.

Oili chafu iweke kwenye dumu uipeleke gereji wanakoikusanya. Usiimwage mtaroni.

Itachukua muda gani?

Wikiendi nne, tano, ukiongeza siku za kungoja karakana. Ukiambiwa siku mbili, mtu huyo hapimi.

Nimefunga vizuri, lakini baada ya wiki mbili gari linachemsha tena. Nifungue hedi?

Bado. Jaza maji injini ikiwa baridi, kagua mifuniko na mipira yote, kisha gusa rejeta baada ya safari: ikiwa juu ni ya moto na sehemu zake nyingine ni za baridi, imeziba ndani. Mara nyingi rejeta hiyo ndiyo iliyoipindisha hedi tangu mwanzo, ikaoshwa nje tu na kurudishwa wakati pesa zote zimeishia kwenye injini. Itoe, ipeleke ikafunguliwe na kusafishwa mirija yake, au nunua nyingine, ndipo upime tena kompresheni ulinganishe na namba ulizoandika siku ya kwanza.